Yaya anataka leseni yake irudi, na pesa ninayo mimi

Yambo sana Mama,

Ninakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 38, nina mume na watoto watatu. Tafadhali usiweke jina langu, maana kwetu wengi wanakusoma.

Shida yangu ni yaya, kaka yangu mkubwa. Ana miaka 51. Baba alipokufa mimi nilikuwa na miaka 11, yeye alikuwa chuo kikuu mwaka wa pili. Aliacha masomo akaenda kuwa konvoyera, msaidizi wa shoferi, kwenye kamyo ya jirani ili sisi wadogo wanne tule. Baadaye akawa shoferi, na miaka mingi amefanya njia ya Kasumbalesa mpaka Zambia na kurudi. Minervali yangu yote, yaani ada ya shule, hadi siku niliyopata diploma ya ualimu, ilitoka kwenye usukani wake. Akirudi usiku alikuwa ananiita nje ya nyumba, ananipa noti zilizokunjwa vidogo, zinanuka mazuti. Harufu hiyo nikiisikia hata leo machozi yananilenga.

Mwaka juzi mwezi wa nane alikuwa anarudi mjini na kamyo tupu. Jua lilikuwa linazama, na unajua mwezi wa nane kwetu: vumbi, na moshi wa majani yanayochomwa porini. Alimgonga kijana aliyekuwa anasukuma baiskeli ya makala (mkaa) pembeni mwa barabara, upande wa kuume. Kijana hakufa, Mungu asifiwe, lakini mguu ulivunjika mahali pawili na mpaka leo anatembea na fimbo. Polisi wa rulaji, wale wa barabarani, walichukua leseni palepale. Kesi ikaenda mahakamani. Yaya anasema jaji alimtoza faini na kumkataza kuendesha kwa mwaka mmoja, na huo mwaka umekwisha. Karatasi ya hukumu sijaiona hata siku moja. Na katika kungoja huko, muda wa leseni yenyewe nao ulikwisha.

Tangu hapo amekaa nyumbani. Anakaa chini ya muembe asubuhi mpaka jioni. Mtu aliyekuwa akiingia kwenye uwanja watoto wanamkimbilia, leo anaomba falanga za kadi ya simu kwa mke wake anayeuza bitoyo sokoni.

Sasa kuna patro mmoja, mwenye makamyo, aliyemjua zamani, amempa neno: ukileta leseni na sertifika ya macho, mwisho wa mwezi unaanza. Yaya amepata komisioneri, mtu wa kati wa kutafuta karatasi. Huyo bwana anaomba dola 380 na anasema atafanya yote: leseni mpya bila mtihani, majina yakiwa yamepangwa kwa namna nyingine ili ile kesi isionekane, na sertifika ya daktari bila kumwona daktari. Yaya alikuja kwangu kwa sababu mwezi huu ni zamu yangu ya likelemba ya walimu, ule mchango tunaopokezana kila mwezi. Ni dola 400. Nilikuwa nimezipangia mabati, maana mvua iko njiani na chumba cha watoto kinavuja, na pia minervali ya kijana wangu anayeingia sekondari.

Mama, kama ingekuwa pesa tu ningempa nikanyamaza. Ila siku ile alikula kwangu bukari na sombe, akachukua jagi amimine maji, na maji yakamwagika mezani pembeni ya kikombe. Hakuona. Aliendelea kumimina mpaka binti yangu akasema, "Mjomba!" Akacheka, akasema mkono umechoka. Lakini mimi nilikuwa namtazama usoni, na macho yake yalikuwa yanakitafuta kikombe.

Nikamtafuta yule konvoyera wake wa siku ya ajali. Aliniomba nisimtaje. Aliniambia kwamba karibu mwaka mzima kabla ya ajali, jioni ikifika, ni yeye aliyekuwa anamwambia njia: "Mukubwa, gari inakuja. Mukubwa, baiskeli kuume." Siku ile alikuwa amesinzia.

Shemeji yangu amenitumia ujumbe: "Umesahau nani alikusomesha?" Mume wangu anasema nimdanganye yaya kwamba zamu yangu imesogezwa mbele. Mimi silali. Nikimpa pesa naona lile baiskeli. Nikimnyima naona zile noti zilizokunjwa. Nifanye nini?

Mwalimu wa Katuba

*

Mwanangu mpendwa,

Aksanti kwa kuniamini. Barua yako nimeisoma jana usiku, nikairudia asubuhi, na mahali palipoendelea kunishika ni pale kwenye jagi. Wewe ni mwalimu. Umezoea kumtazama mtoto anapodai ameelewa huku macho yake yakisema lingine, na ndivyo ulivyomtazama kaka yako. Sidhani kwamba umekosea kuona. Ila nataka tutazame pamoja ni nini hasa ulichokiona, kwa sababu katika barua yako mambo matatu manne yamefungwa kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo ndio unaokulemea.

Unasema yaya anataka leseni yake irudi. Kwa jinsi unavyoeleza, komisioneri harudishi leseni yake. Anamuuzia leseni ya mtu mwingine, mtu asiye na kesi, asiye na ajali. Lakini mtu huyo pia hana ile miaka yote ya Kasumbalesa, hana hata safari moja aliyofika salama. Kaka yako akifika mpakani na pasipoti yenye majina yaliyopangwa hivi na leseni yenye majina yaliyopangwa vile, ataulizwa. Na hapa nikuambie wazi, maana ni pesa yako inayoombwa: kughushi hati kwa nia ya kudanganya, katika sheria yetu ya jinai, adhabu yake ni kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5, na anayeitumia hati hiyo akijua ni ya uongo naye anaingia humo. Bima ya gari ni ya lazima nchini tangu sheria ya mwaka 1973, na ajali ikitokea, leseni ya shoferi ni katika karatasi za kwanza ambazo bima inataka kuona. Ikionekana ni ya uongo, yule aliyegongwa anaweza kubaki mikono mitupu, na patro na kaka yako watabaki wakitazamana.

Sikuelezi hayo ili umwone yaya kuwa mtu mbaya. Nina wazo, na unaweza kulikataa: inawezekana kaka yako hatafuti njia ya kukwepa sheria. Inawezekana anakimbia chumba kimoja tu, kile cha daktari wa macho. Tazama vitu anavyonunua kwa hizo dola 380. Mtihani wa kuendesha angeupita akiwa amelala, mtu wa miaka yote hiyo. Mwaka aliokatazwa, kwa maneno yake mwenyewe, umekwisha. Basi kwa nini anaogopa mlango wa kawaida? Kitu kimoja tu katika orodha hiyo hawezi kukipata kwa ujuzi wake, nacho ni ile sertifika. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wanaume wetu wengi huficha macho kuliko wanavyoficha njaa.

Sasa yule konvoyera. Ushahidi wake ni mzito, lakini usiuchukue wote kwa pamoja. Wewe hukuandika usukani wa ile kamyo uko upande gani. Kamyo nyingi za njia ya Zambia zina volani kuume, kwa sababu kule watu wanaendesha kwa kushoto, na sisi huku tunaendesha kwa kuume. Shoferi wa gari la namna hiyo akiwa upande wetu anakaa karibu na majani. Akitaka kupita gari la mbele, haoni linalokuja mpaka ajitokeze. Kwa hiyo konvoyera kumwambia "gari inakuja" ni kazi ya kila siku, hata kwa shoferi mwenye macho ya tai. Hilo peke yake halimhukumu kaka yako. Lakini "baiskeli kuume" ni jambo lingine. Kama volani ilikuwa kuume, baiskeli hiyo ilikuwa upande wake mwenyewe, chini ya dirisha lake. Hapo ningekusihi urudi kwa huyo konvoyera umuulize polepole: alikuwa anamwonyesha vya upande gani, na saa ngapi? Usiku tu, au hata mchana? Na siri yake uitunze kweli. Ni mtu anayetafuta mkate wake kwenye makamyo, na ikijulikana amesema, ni nani atakayempandisha tena?

Mimi si daktari, lakini macho ya mtu wa miaka 51 nayajua kidogo, kwa sababu nimemsindikiza ndugu yangu hospitali. Kuna kutoona maandishi ya karibu, ambako huwajia karibu watu wote baada ya miaka 40. Huko miwani ya kusomea inatosha, na barabara ya mbele mtu anaiona vizuri. Kuna mtoto wa jicho: lenzi inakuwa na ukungu, na usiku taa za magari yanayokuja zinatawanyika zinakuwa kama moto. Huyo anatolewa kwa upasuaji, na wengi wanarudi kuona vizuri. Kuna presha ya macho, ambayo haiumi na haitangazi kuja kwake. Inakula kwanza pembeni, na pembeni ndipo baiskeli inapokaa. Iliyokwisha kuliwa hairudi, lakini iliyobaki inaweza kulindwa kwa dawa, kama mtu amewahi. Na kuna sukari ya mwilini inayoharibu macho kwa ndani. Maji kumwagika pembeni ya kikombe kunaweza kutokana na lolote kati ya haya, au jicho moja kuwa dhaifu kuliko lingine mpaka mtu hapimi tena umbali. Au, tuseme kweli, mkono ulichoka.

Unaona, mwanangu? Wewe umeshamwona yaya kama mtu aliyekwisha. Yeye mwenyewe huenda ameshajiona hivyo, na ndiyo maana hataki kupimwa. Wote wawili mmeihukumu kesi kabla ya kumsikiliza shahidi mkuu. Inawezekana jibu ni upasuaji na wiki chache za kupona. Inawezekana pia ni jibu chungu, la kuacha kamyo. Sikufichi hilo.

Tuje kwenye deni. Umeandika, "Nikimnyima naona zile noti." Nimeilia sentensi hiyo. Lakini nikuulize: kaka yako alipokuwa anakupa zile noti, alikuwa anakupa kila ulichoomba, au alikuwa anakupa shule? Ungemwendea na kusema, yaya, kuna mtu ananiuzia diploma bila mtihani, nisaidie pesa, angetoa? Sijui. Wewe ndiye unayemjua. Shemeji yako ana haki ya kuchoka, maana kuuza bitoyo na kulisha nyumba peke yake si mchezo, lakini ujumbe wake unaifanya heshima yako kwa kaka kuwa na umbo moja tu, umbo la dola 380. Mimi nadhani ina maumbo mengi.

Ukimpa kama anavyoomba, utapata amani kwa wiki mbili, labda zaidi. Labda pia hakuna kitakachotokea kwa miaka. Wapo wanaoendesha hivyo, na hilo tunalijua. Lakini wewe hutapanda nayo hiyo kamyo, na kila jioni utakuwa umepanda. Ukimkatalia kwa neno moja, pesa inaweza kutoka kwingine, kwa mkopeshaji wa riba, na wewe utakuwa umepoteza nafasi ya kukaa karibu naye. Uongo wa mume wako naelewa ulikotoka. Anataka mke wake alale. Lakini likelemba ya walimu kumi na kitu haina siri Katuba. Wiki haipiti yaya atajua, na ataumia kwamba ulimwogopa. Kisha siku ukitaka kumwambia ukweli juu ya macho, atakusikiliza kwa sikio gani?

Iko njia nyingine ambayo hukuiandika, nayo haina uhakika. Kumwambia: yaya, pesa ipo, nusu yake ni yako, lakini nataka itembee na sisi wawili, mguu kwa mguu. Kwanza kwa daktari wa macho, siku ambayo mimi sina darasa. Halafu kwa karani wa mahakama kuchukua nakala ya hukumu, kwa sababu hakuna kati yenu anayeonekana kujua kwa hakika imeandikwa nini: tangu tarehe gani mpaka gani, na kama faini imelipwa yote. Leseni iliyochukuliwa na rulaji barabarani, leseni iliyosimamishwa na jaji, na leseni iliyopitwa na wakati ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina mlango wake. Yaya anayazungumza kama jambo moja, na ni katika mchanganyiko huo komisioneri anapata mkate. Ukiwa na karatasi ya hukumu mkononi, mnaweza kwenda wenyewe Conadep, tume ya taifa inayotoa leseni za udereva, mkauliza mtu katika hali yake anatakiwa kuleta nini na kulipa kiasi gani, na mkaomba risiti ya kila falanga.

Hatari ya njia hiyo? Ni ya polepole, na patro anataka mtu mwisho wa mwezi. Kazi hii inaweza kupotea. Daktari anaweza kusema neno ambalo familia nzima haitaki kulisikia. Na yaya anaweza kukasirika aondoke mezani, aseme umemfanya mtoto. Ikiwa hivyo, je, kuna mtu ambaye anamsikiliza? Si wa kumhukumu, ila wa kukaa naye: shoferi mzee aliyeacha barabara mwenyewe, au manseba wenu, mjomba, kama bado yupo. Mimi ningependelea shoferi mzee. Mtu wa kamyo anaambiwa mambo na mtu wa kamyo.

Mwulize pia patro kama unaweza kumfikia, au yaya amwulize: je, kwake kuna kazi nyingine? Mwenye makamyo huhitaji mtu wa kusimamia kupakia, wa kusikiliza mota na kujua ugonjwa wake kabla fundi hajafika, wa kuwafundisha vijana njia ya kushuka na mzigo. Kaka yako ana hayo yote kichwani. Mshahara huenda ukawa mdogo, na fahari yake itauma, usiseme haitauma. Lakini nimefikiri sana juu ya ule muembe, na nadhani unamwua haraka kuliko mshahara mdogo.

Na yule kijana wa makala. Katika barua yako yeye amepita haraka. Je, yaya amewahi kwenda kumwona tangu kesi ilipokwisha? Sisemi aende. Nauliza tu, kwa sababu wakati mwingine mtu anatafuta jina jipya kwenye leseni kwa kuwa jina lake la kweli limekuwa zito kulibeba.

Mabati ya watoto nayo usiyasahau. Umeyataja kama vile unaomba radhi. Watoto wanaolowa usiku nao ni ndugu zake yaya, na nadhani ukimwonyesha kile chumba, ataelewa haraka kuliko shemeji yako anavyodhani.

Kama hujui pa kuanzia, nikupe jambo dogo. Uingereza, kabla mtu hajaanza mtihani wa barabarani, mtahini anamwomba asome namba ya gari lililosimama mita 20 mbele. Asiyeweza, mtihani unaishia hapo. Mita 20 ni hatua 25 hivi za mtu mzima, na kamyo inayokwenda kilomita 60 kwa saa inazimaliza kwa sekunde moja na kidogo. Mwambie yaya mtoke mpaka barabara kubwa, wewe na yeye tu, bila watoto na bila shemeji. Mara moja mchana, mara moja jua likizama. Soma wewe kwanza, kisha asome yeye. Afunike jicho moja, kisha lingine. Haitachukua nafasi ya daktari, na presha ya macho inaweza kupita hapo bila kuonekana. Lakini hakuna atakayemwambia chochote: atajisikia mwenyewe akisoma, au akinyamaza. Na akinyamaza, usiseme kitu. Mshike mkono mrudi nyumbani, na pesa ya likelemba iwe bado mfukoni mwako.

Niandikie tena, hata kama ni mistari miwili.

Mama yako wa ukurasa huu